Haring au kibbeling, stamppot au roti: ulinganisho wa vyakula vya Uholanzi kwa aliyetoka Afrika Mashariki

Kila mwaka wanafunzi kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura hufika Uholanzi kusoma Wageningen, Delft, Enschede au The Hague. Jambo la kwanza wanalouliza ni unga wa ugali unauzwa wapi. Wakishaupata, wengi hawatoki tena humo: ugali, mchicha wa kugandishwa, kuku, basi, mpaka shahada iishe. Ugali nami naupenda na naupika. Ila nasikitika sana mtu anapokaa miaka miwili karibu na soko kubwa la mji, halafu anarudi nyumbani akisema Waholanzi hawana chakula. Wanacho. Tatizo ni kwamba kilicho kizuri hukikuti kwenye rafu za supamaketi. Kiko kibandani, kinatoka motoni wakati wewe umesimama, na mara nyingi kina msimu wake kama maembe yalivyo na msimu wake kwetu.

Hapa chini nimevipanga vyakula viwili viwili, kwa jinsi mtu anavyojiuliza akiwa amesimama mbele ya muuzaji na pesa ya kimoja tu mkononi. Pale penye chakula cha kwetu kinachofanana nacho nimekitaja, kwa sababu ulimi hujifunza upesi ukianzia pale unapopajua. Na kila mahali nasema mimi ningechukua kipi.

Jambo moja kwanza kwa wenzangu wanaochunga halali, na kwa yeyote asiyekula nguruwe. Kwenye lebo na mabango tafuta maneno haya: varken, spek, ham na reuzel yote ni nguruwe au mafuta yake. Rund ni ng'ombe, kalf ni ndama, kip ni kuku. Neno gelatine likiandikwa peke yake bila kutaja mnyama, uliza. Muuzaji wa Kiholanzi hachukii kuulizwa. Atageuza pakiti akusomee mwenyewe.

Haring au kibbeling

Tuanze na samaki, maana hapa ndipo Mholanzi anapojivunia na hapa ndipo wengi wetu tunapokimbia.

Haring ni samaki mdogo wa Bahari ya Kaskazini. Msimu wake huanza mwishoni mwa majira ya kuchipua, akiwa amenenepa, na ili auzwe kwa jina la Hollandse Nieuwe mafuta yake lazima yafike angalau asilimia 16. Hupasuliwa kwa kisu kifupi na kutolewa matumbo, lakini kongosho huachwa makusudi, kwa kuwa vimeng'enya vyake ndivyo vinavyoilainisha nyama anapokaa kwenye chumvi. Hapikwi. Hilo ndilo linalowatisha watu, kwa hiyo nieleze vizuri: kabla ya kuuzwa ni sharti awe amegandishwa angalau saa 24 kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ili minyoo yote ife. Anayekufikia wewe ameshapitia chumvi na barafu, na vibanda vinavyojiheshimu humwandaa pale pale mbele ya mteja.

Huletwa kwenye kisahani cha karatasi na kitunguu maji kilichokatwa vidogo vidogo juu yake. Amsterdam humkata vipande na kumwekea matango ya achari pembeni. Kwingine mtu humshika mkia, akainua uso juu na kumteremsha mdomoni. Ukipenda, omba broodje haring, awekwe ndani ya mkate laini. Usitarajie ng'onda wala papa. Wale wamekaushwa na jua mpaka chumvi imetawala, ilhali haring ni laini kama parachichi lililoiva, na ladha ya mafuta yake huja mbele ya chumvi.

Kibbeling ni vipande vya mnofu wa samaki mweupe, mara nyingi kabeljauw au jamaa zake, vilivyochovywa kwenye rojo la unga na viungo, kisha vikakaangwa kwenye mafuta mengi wakati unasubiri. Huja na sosi ya kitunguu saumu au ile ya majani inayoitwa ravigote. Mtu aliyezoea samaki wa kukaanga wa pwani ataona mambo mawili yanakosekana: mwiba na pilipili. La mwiba ni faraja kwa mwenye watoto. La pilipili linatibika, maana vibanda vingi vina chupa ya sambal, sosi ya pilipili, ukiomba. Ukitaka mnofu mzima badala ya vipande, agiza lekkerbek.

Bei: haring mmoja kwa kawaida ni kati ya euro 3 na 5. Sahani ya kibbeling hupanda zaidi ya hapo, lakini inashibisha watu wawili wasio na njaa kali.

Siku yako ya kwanza sokoni, kukiwa na baridi na hujui hata kusema asante kwa Kiholanzi, chukua kibbeling. Utafurahi mara moja. Lakini kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba, wakati jina la Hollandse Nieuwe linaruhusiwa, mimi namchagua haring bila kusita. Samaki wa kukaanga utampata Mombasa, utampata Mwanza, utampata popote. Haring wa namna hii ni wa hapa. Ufunguzi wa msimu wenyewe ni sikukuu: pale Scheveningen, karibu na The Hague, hupamba bandari kwa bendera siku ya Vlaggetjesdag. Na mji wa Leiden kila tarehe 3 Oktoba hugawa haring na mkate mweupe kukumbuka siku ya mwaka 1574 mzingiro wa Wahispania ulipovunjika na watu wenye njaa wakapata chakula. Ukiwa unasoma karibu na Leiden, nenda siku hiyo.

Namna ya kuchagua kibanda: angalia ngozi ya samaki kama bado inang'aa fedha, na nyama karibu na uti wa mgongo kama ina wekundu kidogo. Kama wamepangwa tayari chini ya plastiki na kitunguu kimeshanyauka, pita.

Poffertjes au oliebollen

Mswahili asiyependa kitu cha unga na sukari sijakutana naye, na Mholanzi naye ni hivyo hivyo. Poffertjes ni vikeki vidogo vya unga wa ngano na wa boekweit, mbegu inayosagwa kama nafaka, vilivyoumuliwa kwa hamira, vinavyopikwa kwenye chuma chenye vishimo na kugeuzwa haraka haraka kwa uma. Ukimwona mpishi anavyogeuza, utamkumbuka mama wa vitumbua wa mtaani kwenu. Oliebollen ni madonge ya unga wenye hamira na zabibu, yaliyokaangwa kwenye mafuta mengi na kunyunyiziwa sukari ya unga, na hayo ni jamaa wa kaimati na mandazi.

Nimeviweka kwenye jedwali pamoja na vya kwetu, maana hapa kufanana na kutofautiana kunaonekana vizuri zaidi kwa macho.

| | Unga | Kinachonogesha | Kinavyopikwa | Wakati wake |
|---|---|---|---|---|
| Poffertjes | Ngano na boekweit | Siagi na sukari ya unga juu | Kwenye chuma chenye vishimo, siagi kidogo | Mwaka mzima |
| Vitumbua | Mchele uliolowekwa na kusagwa | Tui la nazi na iliki ndani | Kwenye chuma chenye vishimo, mafuta kila kishimo | Asubuhi yoyote |
| Oliebollen | Ngano, maziwa, yai | Zabibu ndani, sukari ya unga juu | Mafuta mengi | Vuli hadi Mwaka Mpya |
| Kaimati | Ngano | Shira yenye iliki | Mafuta mengi | Hasa Ramadhani |

Utaona kwamba utamu wa poffertjes unakaa juu, wa vitumbua unakaa ndani. Ndiyo maana poffertjes zikipoa hazina tena ladha, wakati kitumbua cha jana bado kinakwenda na chai. Kwa hiyo ziliwe papo hapo, siagi ikiwa bado inayeyuka, na usikubali kubebewa kwenye boksi kwenda nazo nyumbani.

Oliebollen ni habari nyingine. Vibanda vyake huanza kuonekana miezi ya vuli, na tarehe 31 Desemba watu hupanga foleni kwenye baridi kununua mfuko mzima wa familia. Siku hiyo ndiyo siku yake, maana mafuta hayapoi na yanayouzwa hayapati muda wa kulala. Zichague zenye zabibu kuliko zilizo tupu, kwani zile tupu ni mandazi yaliyokosa iliki. Pembeni utaona appelbeignet, duara la tofaa ndani ya rojo lililokaangwa, lenye mdalasini. Mimi nikiwa na nafasi ya kimoja nachukua appelbeignet, ule uchachu wa tofaa unakata mafuta. Anayechunga pombe aulize, kwani baadhi ya wapishi huloweka zabibu kwenye ramu au kutia bia kwenye unga.

Nikilazimika kuchagua moja kati ya hizi mbili: Desemba ni oliebollen, miezi mingine ni poffertjes. Na ukizipenda poffertjes, nunua chuma chake, kwani ukiwa nacho vitumbua havina kizuizi tena. Unga wa mchele na tui la kopo vipo kwenye maduka ya Kiasia yanayoitwa toko. Vishimo vya chuma cha poffertjes ni vifupi, vitumbua vitatoka vidogo na vyembamba. Chuma cha Kidenmaki cha æbleskiver kina vishimo vya kina zaidi na ndicho kinachotoa kitumbua chenye tumbo. Cha Kihindi, kile cha paniyaram, nacho kinafaa, na hupatikana kwenye maduka ya Kihindi.

Stroopwafel: ya kibandani au ya pakiti

Hapa sina haja ya kurefusha. Stroopwafel asili yake ni mji wa Gouda: kaki nyembamba ya chuma cha moto, inapasuliwa katikati ikiwa bado laini, inapakwa shira nzito ya sukari na siagi, inafungwa tena. Ya kibandani ni kubwa, inavutika, na harufu yake unaisikia kabla hujakiona kibanda. Ya pakiti ni ndogo na ngumu, ila ina dawa yake: iweke juu ya kikombe cha chai ya moto kama kifuniko, subiri dakika mbili, shira italainika.

Kula ya kibandani angalau mara moja ili ujue kitu chenyewe kikoje. Ya pakiti iwe ya kila siku, ni rahisi sana kwenye supamaketi. Zile zilizopakwa chokoleti na peremende za rangi kwenye mitaa ya watalii ya Amsterdam ziache, bei yake ni ya picha.

Stamppot au roti ya Kisurinamu

Sasa chakula cha kushiba, na hapa ndipo uamuzi unapokuwa na uzito, kwa sababu ndicho utakachokula mara nyingi.

Stamppot ni viazi vilivyopondwa pamoja na mboga. Inayojulikana zaidi ni ya boerenkool, ukoo mmoja na sukuma wiki lakini majani yake yamejikunjakunja, na soseji nene ya moshi, rookworst, juu yake. Mkikuyu akiiona atasema hii ni mukimo iliyokosa mahindi, na hatakuwa amekosea sana. Ni chakula cha majira ya baridi, na wakulima husema boerenkool iliyopigwa na barafu shambani huwa tamu zaidi. Nyumbani kwa Mholanzi, jioni ya Januari, na mchuzi mzito wa nyama umewekwa kwenye shimo lililochimbwa katikati ya viazi, ni chakula cha heshima na kinapasha mwili moto kweli. Dada yake ni hutspot, ya karoti na vitunguu, ambayo nayo Leiden huila tarehe ile ile ya 3 Oktoba.

Kasoro zake ni mbili. Rookworst ya kawaida ina nguruwe; ya ng'ombe ipo, na bucha za halali huiuza. Na kiungo chake ni chumvi, pilipili manga, pengine kungumanga kidogo, basi. Aliyezoea mchuzi wenye tangawizi na kitunguu saumu ataona kimya mdomoni.

Roti ya Kisurinamu imefika Uholanzi kwa njia ndefu, na njia hiyo inatugusa. Mwaka 1873 meli iitwayo Lalla Rookh ilifika Suriname, koloni la Uholanzi huko Amerika Kusini, ikiwa na wafanyakazi wa mkataba kutoka India. Wajukuu wao wengi walihamia Uholanzi karibu na uhuru wa Suriname wa mwaka 1975, na jiko lao wakahama nalo. Kwetu nako, Wahindi waliokuja kujenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, pamoja na wafanyabiashara waliowatangulia pwani, ndio waliotuachia chapati, masala na sambusa. Kwa hiyo ukikaa kwenye kimgahawa cha Kisurinamu The Hague au Rotterdam, hujakaa ugenini kabisa.

Sahani yenyewe: chapati pana na laini, ndani yake mna tabaka la dengu za njano zilizosagwa, pembeni mchuzi wa kuku wa masala, viazi, yai la kuchemsha na kouseband, yaani maharage yale marefu ya kijani. Unamega kwa mkono, hakuna atakayekushangaa. Pilipili yake inaitwa Madame Jeanette, ya njano na kali sana, hivyo iombe iwekwe pembeni. Ukiwa hapo hapo agiza bara, donge bapa la unga wa choroko nyeusi lililokaangwa, na umwulize mwenzako kama haonji ladha ya bajia humo. Kuku wa migahawa mingi ya namna hii ni wa halali na hutangazwa mlangoni. Usipoona tangazo, uliza.

Bei ya roti hukaribia euro 10 na kupanda. Stamppot ukipika mwenyewe ni ya bei ya chini sana: boerenkool huuzwa imeshakatwa kwenye mifuko, viazi ni rahisi, mtu anakula siku mbili.

Uamuzi wangu uko wazi. Kwa kununua, roti, kila mara. Kwa kupika chumbani wakati wa baridi, boerenkool, lakini si lazima uiponde na viazi. Kaanga kitunguu na nyanya, tia ule mfuko wa boerenkool iliyokatwa, funika kidogo, na umepata mboga ya ugali inayokaribia sukuma wiki kuliko kitu kingine chochote cha supamaketi. Ni ngumu kidogo, iongezee dakika chache motoni.

Wapo watakaoniuliza, na Waindonesia? Nao wapo, tangu enzi za ukoloni, na rendang yao, nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwenye tui la nazi mpaka tui likakauka na kuivalia nyama, ni chakula ambacho mtu wa Tanga au Lamu atakielewa kwa tonge la kwanza. Kwenye toko nyingi utapata sahani ya mchanganyiko, wali na vitoweo vitatu vinne. Ikiwa mtaani kwako hakuna Msurinamu, chagua hiyo.

Kapsalon au patat

Vijana hawahitaji ushauri hapa, ila wazazi wao wanaokuja kuwatembelea wanauhitaji. Patat ni chipsi nene, hukaangwa mara mbili ili ziwe laini ndani na kavu nje, na huliwa na mayonezi. Iliyo karibu nasi inaitwa patatje oorlog: mayonezi, kitunguu kibichi na sosi ya karanga iliyotoka Indonesia. Karanga kwenye chipsi huenda ikakushtua mwanzoni, lakini anayekula mchicha wa karanga atazoea haraka.

Kapsalon ilizaliwa Rotterdam mwaka 2003, pale Nathaniel Gomes, mwenye saluni na asili ya Cape Verde, alipomwagiza jirani yake wa shawarma ampangie kila anachokipenda kwenye chombo kimoja: chipsi chini, shawarma juu yake, jibini la Gouda likayeyushwa kwa moto, kisha saladi, sosi ya kitunguu saumu na sambal. Leo iko kila mji. Ni chakula kizito sana. Wawili wale kimoja. Ukiikumbuka chipsi mayai au zege baada ya kazi za usiku, kapsalon ndiyo inayoshika nafasi ile, na maduka mengi ya shawarma hutumia nyama ya halali.

Kwa anayetembea na kushuka kwenye treni na njaa ndogo, patat. Kwa ambaye hajala tangu asubuhi, kapsalon. Frikandel (soseji ya kukaanga) na kroket (donge la nyama lililokaangwa na chenga za mkate), zinazouzwa kwenye kuta za vijidirisha za migahawa ya FEBO, ni sehemu ya Amsterdam tangu zamani, kampuni ilianza mwaka 1941, lakini frikandel kwa kawaida ina nguruwe, na kroket ya ng'ombe mara nyingi imeshikizwa kwa gelatini. Kumbuka pia kwamba patat ya snackbar huenda imekaangwa kwenye mafuta yale yale yaliyokaangia frikandel. Kwenye kibanda cha patat peke yake wasiwasi huo hupungua.

Jibini changa au kongwe

Wengi wetu tumekulia mbali na jibini, na la kwanza tunalolitupia mkono ni lile la vipande lililokatwa tayari kwenye plastiki. Ndiyo maana wengi husema jibini halina ladha. Ukweli ni kwamba jibini la Gouda huuzwa kwa umri wake. Jong lina wiki 4 hivi, laini, lina ladha ya maziwa. Belegen limefika kama miezi 4. Oud limekaa karibu miezi 10 au zaidi, limekauka, linakatika vipande badala ya kupinda, na ndani lina punje ndogo ndogo zinazolia kwenye meno. Asiyependa harufu ya maziwa aanzie belegen. Aliyezoea vyakula vya chumvi na ukali aende moja kwa moja kwenye oud, na ale vipande vidogo, na tende pembeni. Jaribu hiyo ya tende.

Lakini kwa mtu wa Unguja na Pemba kuna jibini moja ambalo lazima alionje: Friese nagelkaas, la mkoa wa Friesland kaskazini, lenye karafuu na jira ndani yake. Karafuu hiyo ina historia inayotuhusu. Kampuni ya Kiholanzi ya VOC iliishikilia biashara ya karafuu za visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, kwa nguvu na kwa damu, mpaka Wafaransa walipotorosha miche kwenda kwenye visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Zanzibar. Leo unasimama sokoni Leeuwarden, unatafuna jibini, na harufu ya mashamba ya Pemba inakupanda puani. Kwa mkate wa rai mweusi ni zuri ajabu.

Usinunue kwa kukisia. Wauzaji wa sokoni hukata kipande cha kuonja ukisema tu "mag ik proeven?", na soko la jibini la Alkmaar linalofanyika Ijumaa asubuhi wakati wa majira ya joto ni la kutazama zaidi kuliko la kununua kwa bei nafuu.

Nitaje pia karnemelk, kwa sababu watu huhangaika kutafuta mtindi bila kujua kwamba karnemelk iko mbele yao. Ni maziwa machachu mepesi, ya bei ya chini, kila supamaketi. Ni nyembamba kuliko mtindi wa kwetu na haina ule uzito wa mala, lakini na ugali jioni inafanya kazi. Kama unataka uzito, changanya nusu karnemelk na nusu yogati tupu isiyo na sukari.

Drop au kruidnoten

Drop ni pipi nyeusi za mzizi wa licorice. Waholanzi wanazipenda kupita kiasi. Zipo tamu na zipo za chumvi, na ile chumvi si ya mezani, ni salmiak, yenye ukali unaopanda kichwani. Anza na zoete drop. Ile iliyoandikwa dubbel zout isubiri. Nyingi zina gelatini, ila nyingine hushikizwa kwa gundi ya mgunga inayotoka hasa Sudan. Mwenye shinikizo la damu asizizoee kabisa, kwani mzizi huo hupandisha presha.

Kruidnoten ni vibiskuti vidogo vigumu vya sikukuu ya Sinterklaas, yaani Mtakatifu Nikolasi anayeletea watoto zawadi, tarehe 5 Desemba, ingawa madukani huingia tangu mwisho wa Agosti. Sherehe yenyewe imekuwa na mjadala mkali juu ya Zwarte Piet, msaidizi wa Sinterklaas, aliyeigizwa na watu waliokuwa wakijipaka uso mweusi, na mjadala huo unatuhusu sisi na watoto wetu wanaosoma huko. Mzazi auulize mapema shuleni wanavyoiadhimisha. Vibiskuti vina mdalasini, karafuu, kungumanga, tangawizi na iliki, karibu kila kitu kilichomo kwenye kikopo cha viungo vya chai. Na chai ya rangi yenye tangawizi inaendana navyo vizuri.

Cha kufunga begini

Swali la mwisho ni la safari ya kurudi likizo: upeleke nini nyumbani? Stroopwafel za bati zinavumilia joto la Dar; shira italegea lakini haitamwagika, na watoto wanazipenda. Jibini jong litatoa jasho na kuharibika sura, kwa hiyo kama ni jibini chukua oud lililofungwa bila hewa, na ujue kwamba nyumba isiyokula jibini italiacha kwenye friji. Drop usipeleke, isipokuwa una hakika na anayepokea. Haring haisafiri. Kruidnoten ni nyepesi, haziyeyuki, hazina nyama wala gelatini kwa kawaida, na bibi wa pwani akizionja atakuambia viungo vyake kimoja kimoja. Begi likiwa na nafasi ya kitu kimoja, mimi nafunga hizo, zile zisizo na chokoleti juu.